Betri Inasingiziwa

Anayefika Nzega mkoani Tabora amefika njia panda. Barabara moja inatoka Singida kupitia Igunga. Nyingine inapanda hadi Tinde, na hapo inagawanyika, huku Shinyanga na Mwanza, kule Kahama na mpaka wa Rusumo. Ya tatu inashuka kusini hadi Tabora mjini. Nchi hii ya Unyamwezi ilizoea wasafiri kabla ya lami na kabla ya reli. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Tabora, ambayo wageni wa siku zile waliiita Kazeh, akaelekea kaskazini na msafara wa wapagazi, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa ambalo leo tunaliita Victoria.

Katika misafara ile, mpagazi akichoka kila mtu alimwona. Gari likichoka umeme halionyeshi kidonda. Taa zinafifia, honi inakoroma, na asubuhi ukiwasha ufunguo unasikia "tik" na kimya. Hapo utingo, abiria na wapita njia wote hutoa hukumu moja: betri imekufa. Mwenye gari anauza gunia la mpunga au mbuzi wawili, ananunua betri mpya, na baada ya siku tatu yuko pale pale akisukumwa.

Ndugu msikilizaji, betri ni kihenge, si shamba. Kihenge kikiwa kitupu, huwezi kukilaumu kabla hujauliza kama shamba lilivunwa, kama mavuno yalifika nyumbani, na kama hakuna panya wanaokula usiku. Shamba la gari ni dainamo au alteneta. Na hapa ndipo historia inapoingia, kwa sababu dainamo na alteneta si kitu kimoja, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine.

Gari la Land Rover lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Wakati huo, hapa kwetu, Waingereza walikuwa na mpango wao mkubwa wa karanga huko Kongwa, Nachingwea na Urambo mkoani Tabora. Mpango ule ulikwisha mwaka 1951 kwa hasara, lakini magari na mafundi waliojifunza kazi hawakuisha nao. Land Rover za enzi hiyo zilikuwa na dainamo za Lucas, ndefu kama mkebe, zenye uwezo wa ampea 20 hivi. Injini ikinguruma polepole, dainamo haikutoa karibu chochote. Kando yake kulikuwa na kisanduku kidogo chenye katauti, ya kuzuia umeme wa betri usirudi nyuma, na kidhibiti cha kupima volti. Tena, katika magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile, upande wa betri uliofungwa kwenye bodi ulikuwa chanya. Land Rover ziligeuzwa kuwa hasi mwaka 1967.

Alteneta ilikuja baada ya kupatikana kwa diodi za silikoni, vipande vidogo vinavyougeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa njia moja. Kampuni ya Chrysler ya Marekani iliiweka katika gari la Valiant mwaka 1960. Land Rover Series III, iliyotoka mwaka 1971, ilikuja na alteneta. Ni fupi, nene, ina matundu ya hewa, na hutoa umeme wa kutosha hata gari likiwa limesimama.

Chombo kikabadilika, lakini mazoea yakabaki. Fundi wa enzi ya dainamo alikuwa na kipimo chake: anawasha injini, anachomoa waya mmoja wa betri, na injini ikiendelea anatangaza kwamba chaji ipo. Dainamo mara nyingi ilivumilia. Alteneta haivumilii. Ukichomoa betri inapozunguka, volti huruka ghafla na diodi zinaweza kuungua. Kadhalika ukifunga betri kinyume. Hivyo gari linaingia gereji likiwa na waya mmoja uliolegea, linatoka likiwa na alteneta iliyokufa, na bado betri ndiyo inayosingiziwa.

Tusiwacheke mafundi wale. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Vipuri vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Fundi alisuka upya nyaya za shaba, akasafisha brashi, akarudisha dainamo barabarani. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, vitu vikarudi madukani, na taratibu tukajifunza tabia nyingine: kubadilisha kitu kabla ya kukipima.

Basi kupima kukoje? Kwanza mfahamu mzee aliye mbele yako: ana dainamo au alteneta, na bodi imefungwa upande gani. Pili, pima betri iliyopumzika. Volti 12.6 ni kihenge kilichojaa, 12.2 ni nusu. Safisha vichwa vya betri, kwani ule unga mweupe huziba njia. Tatu, bonyeza mkanda wa feni katikati. Ukizama zaidi ya nusu inchi hivi, umelegea, na shamba halilimwi.

Nne, washa injini, ikaze kidogo, upime tena. Kwenye gari la alteneta, volti kati ya 13.8 na 14.5 ni afya. Zikibaki 12, hakuna chaji. Zikipita 15, kidhibiti kimeharibika, na maji ya betri yatachemka mpaka yaishe.

Tano, itazame taa nyekundu ya chaji. Ukiwasha ufunguo kabla ya injini, lazima iwake. Isipowaka, usifurahi. Katika alteneta nyingi za Lucas, umeme wa kuiamsha alteneta hupita ndani ya balbu hiyo. Balbu ikiungua, alteneta nzima inaweza kulala. Watu wamenunua alteneta kwa sababu ya balbu.

Sita, pima kwenye alteneta, kisha kwenye betri, taa kubwa zikiwa zinawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, mavuno yanapotea njiani: waya umeoza, au kiungo cha bodi kina kutu. Mwisho, injini ikiwa imezimwa, tafuta panya. Swichi iliyonasa au redio iliyofungwa vibaya hunywa usiku kucha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa wenye dainamo, fundi atoe nyaya mbili za D na F, aunganishe vituo hivyo viwili, apime hadi kwenye bodi huku akiongeza mwendo wa injini polepole. Volti zikipanda haraka kuelekea 20, dainamo ni nzima na asizidishe mwendo; kosa liko kwenye kisanduku au nyaya.

Wasikilizaji, jambo hili si la fedha peke yake. Usiku, katika barabara ya Nzega wanakopita malori ya Rwanda na Burundi, Land Rover iliyozimika taa ikiwa na mgonjwa ndani ni hatari kwake na kwa ajaye nyuma. Kwa hiyo, mwenye gari, kabla hujatoa fedha ya betri, mwombe fundi tarakimu mbili: volti injini ikiwa imezimwa, na volti ikiwa inazunguka. Asiyeweza kukupa hizo anakisia kwa mfuko wako. Na nyinyi wazee wa gereji mnaozijua dainamo kwa mlio wake, waandikieni vijana wenu mnayoyajua, pamoja na yale ambayo hayafai tena.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo.