Amri

Neno amri tumezoea kulisikia jeshini na ofisini kwa mkuu wa wilaya. Mafundi elektroniki wanalihitaji vilevile. Bodi ya majaribio kama Arduino Uno, ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, hupokea amri kwa mfululizo, biti moja baada ya nyingine. Pande zote mbili sharti zikubaliane kasi, mara nyingi biti 9,600 kwa sekunde. Kasi zikitofautiana, amri “washa” hufika ikiwa herufi zisizosomeka.

Mita ya umeme ya LUKU nayo huamriwa. Mwaka 2024 wateja wa TANESCO, wa Murangi mkoani Mara sawa na wa Dar es Salaam, waliponunua umeme walipewa tarakimu 60, makundi matatu ya 20. Zote ziliitwa tokeni. Lakini makundi mawili ya kwanza yalikuwa amri za kubadili ufunguo wa siri wa mita; la tatu ndilo lililobeba uniti. Ukianza na la tatu, mita hukataa. Neno tokeni linaficha tofauti hiyo, na mwenye nyumba ndiye anayebaki gizani akibonyeza. Wanaoandika maelekezo ya mita, tafadhali andikeni wazi: amri ya kwanza, amri ya pili, kisha umeme.