Leseni ya Gari-Nyumba: Kati ya Mizani na Biashara

Gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ni chombo kizito ambacho mara nyingi huendeshwa na watu ambao udereva si kazi yao. Vivyo hivyo trela la kulala linalovutwa na gari dogo. Sheria za leseni zilitungwa kabla vyombo hivi havijaenea, na kwa miaka mingi hazikuvitaja kabisa.

Daktari William Gordon Stables alipozunguka Uingereza mwaka 1885 katika nyumba ya mbao iliyokokotwa na farasi, hakuhitaji leseni ya mtu yeyote. Hati ya kuthibitisha uwezo wa dereva wa gari la mota ilianza kudaiwa Paris kwa amri ya polisi ya mwaka 1893. Uingereza ilifuata tarehe 1 Januari 1904, lakini leseni yake haikuwa na mtihani: aliyetimiza miaka 17 alilipa shilingi 5 akaondoka nayo. Ilibidi watu wengi wafe kwanza. Mwaka 1934 peke yake barabara za nchi hiyo ziliua watu 7,343, ingawa magari yaliyosajiliwa yalikuwa takriban milioni 2.4 tu. Mtihani ukawa wa lazima Juni 1935. Nchini Marekani kila jimbo lilijiamulia, na South Dakota ilikuwa ya mwisho kudai mtihani, mwaka 1959.

Kipimo kinachotawala Ulaya hadi leo kilitokana na mikataba ya kimataifa ya usafiri wa barabarani. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 uliweka daraja B kuwa la magari ya abiria yasiyozidi viti vinane mbali na cha dereva, au ya mizigo yasiyozidi kilo 3,500. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 ukashikilia kiwango hichohicho. Hakuna aliyekuwa akilifikiria gari-nyumba wakati huo, lakini nambari hiyo ndiyo iliyokuja kuamua umbo lake. Watengenezaji wa Ulaya hujitahidi magari yao yasivuke kilo 3,500, ili mwenye leseni ya kawaida aweze kuyaendesha. Matokeo yake nafasi ya mizigo hubaki finyu mno. Lita 100 za maji ni kilo 100, na ukiongeza baiskeli, betri na watu wanne, gari lililotoka kiwandani likiwa halali huweza kuvunja sheria kabla halijafika barabara kuu.

Uingereza iliibana sheria yake tarehe 1 Januari 1997. Waliofaulu mtihani wa gari dogo kabla ya siku hiyo waliruhusiwa kuendesha hadi tani 7.5 bila mtihani mwingine. Waliofaulu baadaye waliishia kilo 3,500, na walipotaka gari kubwa zaidi iliwalazimu kufanya mtihani wa daraja C1. Hivyo baba na mwanawe wenye gari-nyumba moja la tani 5 huweza kujikuta baba anaruhusiwa kuliendesha na mwana haruhusiwi. Baba naye akifika miaka 70 hana budi kupimwa na daktari ili abaki na haki hiyo. Wengi huanza safari hizi baada ya kustaafu, kwa hiyo sharti hilo huwagusa moja kwa moja.

Marekani ilishika njia nyingine. Hadi miaka ya 1980, katika majimbo mengi mwenye leseni ya gari dogo aliweza kuendesha hata lori la trela, na madereva waliofutiwa leseni jimbo moja walichukua nyingine jimbo la jirani. Sheria ya mwaka 1986 ya usalama wa magari ya biashara ilikomesha hayo. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1992 dereva wa gari la biashara linalozidi ratili 26,000, karibu kilo 11,800, alitakiwa kuwa na leseni maalumu. Gari-nyumba la matembezi ya familia likabaki nje ya sheria hiyo hata likiwa zito kama basi, kwa sababu halifanyi biashara. Majimbo machache yaliliziba pengo hilo yenyewe: Texas hudai daraja B lisilo la biashara (si sawa na daraja B la Ulaya) kwa gari linalozidi ratili 26,000, na California hufanya hivyo kwa gari-nyumba lenye urefu unaozidi futi 40.

Katika njia hizi mbili, ya Ulaya ina mantiki zaidi. Gari la tani 12 huhitaji umbali uleule kusimama, dereva awe analipwa au yuko likizo.

Hata hivyo Ulaya nayo imeanza kulegeza. Tarehe 16 Desemba 2021 Uingereza ilifuta mtihani wa ziada wa kuvuta trela hadi kilo 3,500, ili watahini wapate nafasi ya kuwapima madereva wa malori waliokuwa adimu. Kwa kuwa sheria hutofautiana hivi, anayekodi gari-nyumba ughaibuni asome kwanza uzito wa juu ulioandikwa kwenye bamba la gari, kisha aulinganishe na daraja lililo kwenye leseni yake.