Muuza Viatu Aliyenyimwa Ushahidi

Tukisikia habari za weusi wa Marekani katika karne ya 19, wengi wetu tunakumbuka mashamba ya pamba na minyororo tu. Ni kweli, lakini siyo yote. Walikuwepo pia waliofungua maduka, wakaanzisha magazeti na wakaingia kwenye siasa. Mmoja wao ni Mifflin Wistar Gibbs.

Jamaa huyu alizaliwa mwaka 1823 mjini Philadelphia, akiwa mtu huru. Baba yake, mchungaji, alifariki Gibbs akiwa bado mdogo, ikabidi mtoto ajitafutie riziki. Akajifunza useremala. Habari za dhahabu zilipotapakaa, mwaka 1850 naye akaenda California. Huko mafundi wazungu wakagoma kufanya kazi naye. Basi, afanyeje? Akashika brashi, akang'arisha viatu vya watu. Baadaye yeye na mwenzake, Peter Lester, wakafungua duka la viatu San Francisco. Biashara ikakubali.

Sasa hapa ndipo penye kisa. Siku moja mzungu alimshambulia Lester kwa fimbo humo humo dukani. Lester akinyanyua mkono, atauliwa. Gibbs akienda mahakamani, hatasikilizwa, kwa sababu sheria ya California ilimkataza mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Yaani una duka, una fedha, una macho, lakini ulichokiona hakihesabiki!

Kodi walitakiwa kulipa, hata hivyo. Mwaka 1857 Gibbs na Lester walikataa kulipa kodi ya kichwa. Hoja yao ilikuwa fupi: kura hatuna, kodi ya nini? Serikali ikakamata mali yao na kuipiga mnada. Watu wakafika, wakatazama, lakini hakuna aliyetaja bei. Mabuti yakarudishwa dukani. Babu zetu walioijua kodi ya kichwa ya mkoloni wangecheka sana kusikia hayo.

Mwaka 1858 Gibbs alihamia Victoria, mji katika koloni la Waingereza, akafanya biashara na mwaka 1866 akachaguliwa kuwa diwani. Aliporudi Marekani vita vilikwisha, utumwa umefutwa, weusi wanapiga kura. Akasomea sheria, akahamia Little Rock, Arkansas. Mwaka 1873 wananchi wakamchagua kuwa hakimu wa mji, mweusi wa kwanza nchini humo kuchaguliwa kwa kazi hiyo. Ndugu yake Jonathan naye alikuwa akisimamia elimu katika jimbo la Florida. Fikiria: yule aliyekatazwa kusema mahakamani, leo ndiye anayewasikiliza mashahidi.

Mlango ule haukukaa wazi muda mrefu. Wademokrati walirudi madarakani Arkansas mwaka 1874, na weusi wakaanza kusukumwa nje ya siasa mmoja mmoja. Gibbs aliendelea na chama chake cha Republican, na mwaka 1897 akatumwa kuwa konseli wa Marekani Tamatave, Madagaska, kisiwa ambacho Wafaransa walikuwa wametoka tu kukinyakua.

Aliporudi, mwaka 1902, alichapisha kitabu cha maisha yake, Shadow and Light. Kisa cha fimbo kimo humo. Mahakama ilikataa ushahidi wake, akauandika.

Lakini tusimfanye malaika. Benki aliyoiongoza Little Rock ilianguka mwaka 1908, na kitabu hakina habari hiyo, maana kilikwisha kutoka. Gibbs alifariki mwaka 1915.

Wenzangu tunaotaka kuandika, nadhani hapo pana funzo. Andika ulichokiona, usingoje ruhusa ya mahakama. Ila ukimaliza kujieleza, waachie na wengine nafasi ya kutoa ushahidi wao juu yako.