Paris, 1871: Mji Uliojitawala kwa Siku 72

Alfajiri ya Machi 18, 1871, askari wa serikali ya Ufaransa walipanda kilima cha Montmartre kwenda kuchukua mizinga. Wakazi wa Paris walikuwa wameichangia mizinga ile fedha zao wenyewe wakati Waprusia walipouzingira mji, na hawakuwa tayari kuiachia. Askari waliiteka, lakini farasi wa kuikokota wakachelewa. Kulipokucha, wanawake wa mtaani wakawazunguka askari. Jenerali Lecomte akaamuru umati upigwe risasi. Askari wake wakakataa. Hadi usiku Lecomte alikuwa ameuawa, na Adolphe Thiers, mkuu wa serikali, amekimbilia Versailles.

Uchaguzi wa baraza la mji ukafanyika Machi 26, na siku mbili baadaye Komuni ya Paris ikatangazwa. Ndani yake walikaa mafundi na vibarua pamoja na waandishi wa magazeti. Leo Frankel, sonara kutoka Hungaria, alikabidhiwa kamisheni ya kazi, ingawa alikuwa mgeni.

Wengi huikumbuka Komuni kwa jinsi ilivyoangamizwa. Mimi naona tuanzie kwenye amri zake, hasa zile ndogondogo. Majira ya baridi ya kuzingirwa, watu walikuwa wamekula farasi hata panya, na waliokuwa hawana kitu waliweka rehani matandiko, nguo na zana za kazi. Mwezi Mei Komuni iliamuru vitu vya namna hiyo vilivyokopewa fedha isiyozidi faranga 20 virudishwe bure. Fundi aliyerudishiwa zana zake aliweza kufanya kazi tena. Kodi za nyumba za miezi ya vita zilifutwa. Ikapigwa marufuku kuwafanyisha waokaji mikate kazi usiku. Frankel aliitetea amri hiyo kuwa ndiyo pekee ya kisoshalisti hasa. Karakana zilizotelekezwa na wenyewe ziliamriwa zikabidhiwe vyama vya ushirika vya wafanyakazi, ila muda haukutosha.

Kosa kubwa la Komuni lilihusu Benki ya Ufaransa. Hawakuigusa. Wakawa wanaiomba mikopo midogo, huku benki hiyohiyo ikimpa Thiers mamilioni ya kuendeshea vita dhidi yao.

Mei 21 jeshi la Versailles liliingia kupitia lango lisilolindwa. Mapigano yakawa ya mtaa kwa mtaa, na waliokamatwa walipigwa risasi hata baada ya kujisalimisha. Komuni nayo iliua mateka, akiwamo Askofu Mkuu Darboy. Jambo hilo halina utetezi, lakini halilingani na mauaji ya jeshi, yaliyochukua maelfu ya watu. Eugène Varlin, fundi wa kujalidi vitabu, aliuawa Mei 28, siku ya mwisho. Karibu na ukuta wa makaburi ya Père Lachaise walipigwa risasi wafungwa 147.

Zaidi ya watu 4,000 wa Komuni walihamishiwa kwa adhabu New Caledonia, koloni la Ufaransa katika Pasifiki, miongoni mwao mwalimu Louise Michel. Msamaha wa jumla ulitolewa Julai 1880.