Skoni na Matamshi Yake

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaletayo mabishano mezani ni «scone», jina la kimkate cha unga wa ngano, maziwa na siagi baridi isuguliwayo kwa ncha za vidole, ambacho kinyunga chake hakikandwi sana kisije kikawa kigumu. Kwani Waskoti, na wengi wa kaskazini ya Uingereza, hulitamka «skon», ilhali wengine husema «skoun», na kila upande hudai kuwa haki iko kwake.

Asili ya ubishi huo ni tabia ya hati za Kiingereza, ambamo herufi zile zile tatu za mwisho husomwa namna moja katika «bone», namna ya pili katika «gone», na ya tatu katika «done». Maana wapiga chapa, tangu William Caxton alipoleta mtambo wake mwaka 1476, walianza kuyathibitisha maandishi hali irabu zingali zikigeuka vinywani mwa watu. Kadhalika mji wa Scone karibu na Perth, walikotawazwa wafalme wa Scotland, huandikwa vivyo hivyo na kutamkwa «skuun».

Neno hili laonekana katika tafsiri ya Kiskoti ya Aeneid aliyoikamilisha Gavin Douglas mwaka 1513, kwa hiyo matamshi ya Waskoti yastahili heshima kubwa. Walakini, maadamu ulimi hutangulia kalamu katika kila lugha, mwanafunzi wa Kiingereza na awasikilize wenyeji kwanza, ndipo aziamini herufi.