Sicilia: Utamaduni na Mapishi

Sicilia ni mkoa wa Italia na kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Bahari ya Mediteranea. Makao makuu yake ni Palermo. Wagiriki, Warumi, Waarabu, Wanormani na Wahispania walikitawala kwa zamu, lakini jikoni Waarabu, walioanza kukiteka mwaka 827, ndio walioacha alama nzito zaidi. Walieneza kilimo cha miwa na malimau, pamoja na ufundi wa kumwagilia mashamba. Mjini Trapani, kuskusi bado hutengenezwa kwa mkono kwa unga wa ngano ngumu, hupikwa kwa mvuke katika chungu, kisha humwagiwa mchuzi wa samaki. Ni chakula cha uvumilivu, na utamu wake unastahili kazi hiyo. Chakula kingine cha kisiwa hiki, kaponata, ni mchanganyiko wa biringanya uliotiwa siki na sukari.

Mvinyo wa Marsala, unaoongezewa pombe kali ya zabibu, ulifunguliwa soko la Uingereza na mfanyabiashara John Woodhouse kuanzia 1773. Mizabibu mingine hustawi kwenye udongo wa volkeno wa mlima Etna.

Nje ya jikoni, maonyesho ya vikaragosi ya Sicilia, Opera dei Pupi, yalitambuliwa na UNESCO mwaka 2001.