Tembo la mnazi na NAD ya ini

Tembo la mnazi, ambalo Wagiriama huliita uchi, ni kileo cha utomvu unaogemwa kwenye karara changa la mnazi. Hunywewa kote Kilifi, kuanzia Kaloleni hadi Malindi, kwenye harusi, matanga na mangweni, yaani vilabu vya tembo. Utomvu hutoka mtamu; chachu huigeuza sukari yake kuwa ethanoli ndani ya saa chache.

Lita moja ya tembo la asilimia 4 ina gramu 32 hivi za ethanoli. Ini la mtu mzima huchoma gramu 7 hadi 10 kwa saa, na haliharakishwi kwa kahawa wala maji baridi. Kimeng'enya cha kwanza hugeuza ethanoli kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu. Cha pili, ndani ya mitokondria, huifanya asetati. Kila hatua huhitaji koenzaimu iitwayo NAD, ambayo hupokea hidrojeni na kuwa NADH. NAD ni kama kibuyu kitupu cha mgema, na NADH ni kibuyu kilichojaa: kisipomwagwa, hakuna kupanda tena. 

Vibuyu vikijaa, kazi nyingine za ini hukwama. Pairuveti, ambayo ingetumika kutengeneza sukari, huishia kuwa laktati. Mwaka 1969 mwanabiokemia Hans Krebs na wenzake walionyesha katika ini la panya kwamba ethanoli huzuia utengenezaji huo wa sukari. Ndiyo maana anayeshinda mangweni bila kula aweza kuzimia kwa upungufu wa sukari, huku wenzake wakidhani amelewa tu. Laktati nayo huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, na wenye jongo huamka na maumivu. Mafuta hayachomwi, hurundikana ndani ya ini. Mtu akiacha kunywa, mafuta hupungua katika wiki chache. Lakini makovu ya ini, yaani sirosisi, ni vigumu kuyaondoa.

NAD hutengenezwa kwa niasini, vitamini ambayo katika mahindi imefungika, hivyo mnywaji anayeishi kwa sima bila samaki wala kunde huingia hatarini zaidi. Wapenzi wa tembo husema lina vitamini za kundi B. Ni kweli, chachu huzileta, lakini ethanoli hiyohiyo hupunguza ufyonzaji wa thiamini utumboni.